John Venn (1834–1923): Maisha Yake, na Maduara Yake katika Kupima Hoja

Jina la John Venn hutajwa kila mwaka katika madarasa yetu ya hisabati, Kishapu, Kahama na Nyarugusu, lakini mwenye jina hajulikani. Mwalimu huchora ubaoni maduara mawili yaliyoingiliana, akauliza ni wanafunzi wangapi wanaocheza mpira wa miguu, wangapi netiboli, na wangapi wanaocheza vyote viwili. Hesabu ikishapatikana, ubao hufutwa. Hapana ubaya katika zoezi hilo, walakini Venn hakuyatengeneza maduara yake kwa ajili ya kuhesabu wachezaji. Aliyatengeneza ili kupima hoja: kuona kama hitimisho linatokana kweli na kauli zilizolitangulia, au limebandikwa tu juu yake. Kazi hiyo ya asili ndiyo tuliyoiacha, na katika Shinyanga na ukanda wa dhahabu wa Geita ndiyo tunayoihitaji zaidi, kwa sababu huku zimewahi kukubaliwa hoja batili zilizoua watu.

Venn alizaliwa tarehe 4 Agosti 1834 huko Hull, mji wa bandari ulioko kaskazini-mashariki mwa Uingereza. Mama yake, Martha Sykes, alifariki John angali mtoto mdogo. Ukoo wa baba ulikuwa wa makasisi kwa vizazi kadhaa. Babu yake, aliyeitwa pia John Venn, alikuwa kasisi wa Clapham, karibu na London, na mmoja wa kundi lililopigania kukomeshwa kwa biashara ya watumwa. Mwaka 1799 alikuwa miongoni mwa waasisi wa chama cha kimisionari kilichojulikana baadaye kwa kifupi kama CMS. Baba yake, Henry Venn, alikuwa Katibu wa chama hicho kuanzia mwaka 1841, akakiongoza kwa miaka ipatayo thelathini.

Hapa ukoo huo unagusana na historia yetu. Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844 na kuchapisha sarufi ya Kiswahili mwaka 1850, alikuwa mtumishi wa chama hicho, na barua zake zilipelekwa katika ofisi ya Henry Venn. Kadhalika Johannes Rebmann, aliyeuona mlima Kilimanjaro mwaka 1848. Rebmann na mwenzake Jakob Erhardt ndio waliotoa ramani mashuhuri iliyochapishwa katikati ya miaka ya 1850. Walikuwa wamewauliza wasafiri wa misafara katika pwani, na wote, ingawa walikwenda bara kwa njia mbalimbali, walisema kwamba mwisho wa safari ni maji makubwa. Wamisionari wale wakahitimisha kwamba maji hayo ni mamoja, wakachora ziwa moja kubwa ajabu kuanzia kusini hata kaskazini, mahali ambapo kweli pana Nyasa, Tanganyika na Viktoria. Kila njia kuwa na ziwa mwishoni mwake si sawa na njia zote kuwa na ziwa moja. Ni ramani hiyo iliyochochea safari ya Burton na Speke. Na Speke, akitokea Tabora na kupita katika nchi ya Wasukuma, aliona maji ya ziwa huko Mwanza tarehe 3 Agosti 1858. Kesho yake John Venn alitimiza umri wa miaka 24. Sidai kwamba kijana yule aliichukua mantiki yake katika ramani ya Mombasa, na hoja ya aina hiyo haipimiki vema kwa maduara peke yake. Lakini mwalimu anayetafuta mfano wa kosa kubwa la kufikiri lililofanywa na watu wenye akili na nia njema, anao hapa karibu.

John alisoma katika shule za Highgate na Islington, mjini London, kisha mwaka 1853 akaingia chuo cha Gonville and Caius katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Alihitimu hisabati mwaka 1857, akiwa wa sita katika daraja la kwanza, na mwaka huohuo chuo kikamchagua kuwa mmoja wa wanazuoni wake wa kudumu. Cheo hicho alikuwa nacho mpaka kufa kwake, yaani miaka 66. Akifuata desturi ya ukoo, alipata ushemasi mwaka 1858 na ukasisi mwaka 1859, akatumika katika parokia za Cheshunt na Mortlake. Lakini moyo wake ulikuwa katika vitabu. Mwaka 1862 alirudi Cambridge kufundisha mantiki na nadharia ya bahati, na huko ndiko alikoishi maisha yake yote yaliyosalia. Alimwoa Susanna Edmonstone, wakapata mtoto mmoja wa kiume, John Archibald.

Kitabu chake cha kwanza kikubwa kilitoka mwaka 1866, nacho kilihusu mantiki ya bahati. Wengi wa wakati ule waliichukua bahati kuwa ni kipimo cha imani iliyomo moyoni mwa mtu. Venn alikataa. Kwake yeye, kusema kwamba jambo lina nafasi moja katika kumi ni kusema kwamba katika mfululizo mrefu wa matukio ya aina moja, jambo hilo hutokea takriban mara moja katika kila kumi. Pasipo mfululizo hapana kipimo. Tukio moja lililosimuliwa kwa msisimko, hata likiwa la kweli, halituambii kitu juu ya bahati mpaka tujue matukio mengine yaliyokuwa pamoja nalo.

Katika machimbo ya wachimbaji wadogo, fundisho hilo lina uzito wa pekee. Mtu aliyepata dhahabu baada ya kwenda kwa mganga husemwa kutoka Katoro hadi Kahama. Mtu aliyekwenda kwa mganga yuleyule, akauza ng'ombe wake, asipate kitu, hurudi kwao kimya, na hakuna anayemtaja. Mwalimu na achore maduara mawili: moja la waliokwenda kwa mganga, la pili la waliopata dhahabu. Vyumba ni vinne: waliokwenda wakapata; waliokwenda wasipate; waliopata bila kwenda; na, nje ya maduara yote mawili, wasiokwenda wala kupata. Kisha awaulize wanafunzi masimulizi ya kijiweni hujaza chumba kipi. Watajibu wenyewe kwamba hujaza kimoja tu. Vyumba vitatu vimeachwa bila hesabu, na bila hesabu ya vyote vinne hapana awezaye kusema kwamba mganga ameongeza au amepunguza chochote.

Si swali la mchezo. Tangu kati ya miaka ya 2000, watu wenye ualbino waliuawa na kukatwa viungo katika mikoa ya kanda hii kwa sababu ya imani kwamba viungo vyao huleta utajiri, na baadhi ya waliotajwa kuwa wanunuzi walikuwa watafutaji wa madini. Mwezi Septemba 2009, Mahakama Kuu, ikiketi Kahama, iliwahukumu kunyongwa watu watatu kwa kumuua mvulana mwenye ualbino. Hukumu ya kwanza ya namna hiyo nchini. Mahakama hushughulika na tendo likiwa limekwisha kutendwa. Kufikiri kulikolitangulia tendo kulikuwa kumewahi kupita darasani kwa mtu.

Turudi Cambridge. Katika miaka ya 1870 Venn alishughulika zaidi na mantiki iliyoandikwa kwa alama, aliyoieleza George Boole katika kitabu chake cha mwaka 1854. Alifundisha kwa maduara, kama walivyofanya walimu wengi wa zama zake, lakini maduara hayo yalikuwa ya Leonhard Euler, mwanahisabati wa Uswisi, aliyeyatumia katika barua alizomwandikia binti wa kifalme wa Ujerumani miaka ya 1760 hadi 1762. Kadiri Venn alivyoyatumia ndivyo alivyoona kasoro yake. Yafaa tuieleze kasoro hiyo kwa kirefu, maana mpaka leo walimu wengi huchora maduara ya Euler huku wakiyaita ya Venn.

Tuchukue mfano wa Mwadui, ambako Dakta John Williamson, mwanajiolojia kutoka Kanada, aligundua almasi mwaka 1940 baada ya miaka mingi ya kutafuta. Tuseme mtu anatoa hoja hii: kila mwamba wenye almasi katika Shinyanga ni kimbalaiti, mwamba wote wa kilima hiki ni kimbalaiti, kwa hiyo mwamba wote wa kilima hiki una almasi. Kwa njia ya Euler, kauli ya kwanza ni duara dogo la miamba yenye almasi ndani ya duara kubwa la kimbalaiti. Kauli ya pili ni duara dogo la kilima, nalo ndani ya duara kubwa la kimbalaiti. Lakini duara la kilima liwekwe wapi kuhusu duara la almasi? Yaweza kuwa mbali nalo, au kuingiliana nalo, au kuwa ndani yake. Kauli zenyewe hazisemi. Mwanafunzi analazimika kuchagua, na mwanafunzi mwenye tamaa ya almasi huliweka ndani, kisha huutazama mchoro wake na kuona umethibitisha alichokitaka. Mchoro umesema zaidi ya walichosema watoa hoja.

Dawa ya Venn, aliyoitangaza katika makala ya mwezi Julai 1880 na kuieleza kwa ukamilifu katika kitabu chake cha mwaka 1881, ni kubadili utaratibu. Kwanza chora maduara yote yakiwa yameingiliana, ili kila mchanganyiko unaowezekana upate chumba chake, kabla ya kusikiliza kauli yoyote. Maduara matatu hutoa vyumba vinane, pamoja na cha nje. Ndipo isome kauli ya kwanza na kutia kivuli kila chumba inachokitangaza kuwa kitupu. Fanya vivyo hivyo kwa kauli ya pili. Kisha weka kalamu chini na utazame. Ikiwa hitimisho limekwisha kuonekana mchoroni bila ya kuongeza hata mstari, hoja ni halali. Ikiwa hitimisho linadai kivuli mahali ambapo kauli hazikutia kivuli, hoja ni batili.

Katika mfano wetu, kauli ya kwanza inafuta vyumba vyote vya almasi vilivyo nje ya kimbalaiti, navyo ni viwili. Ya pili inafuta vyumba vya kilima vilivyo nje ya kimbalaiti, navyo ni viwili pia. Kimoja kilikwisha kufutwa. Basi vyenye kivuli ni vitatu. Katika duara la kilima vimebaki vyumba viwili vilivyo wazi: cha kimbalaiti chenye almasi, na cha kimbalaiti kisicho na almasi. Hicho cha pili hakuna aliyekifuta, na hoja imeanguka. Wanajiolojia wanajua kwamba hicho hasa ndicho chumba chenye wakazi wengi, kwa kuwa kimbalaiti zilizogunduliwa Tanzania ni mamia, na zilizofaa kuchimbwa ni chache mno. Hapo mwalimu abadili hoja: kimbalaiti zote zilipanda kutoka vilindini mwa ardhi, mwamba wote wa kilima hiki ni kimbalaiti, kwa hiyo mwamba wote wa kilima hiki ulipanda kutoka vilindini. Safari hii vyumba vinne vinapata kivuli, na katika duara la kilima kinabaki kimoja tu, kilichomo ndani ya maduara yote matatu. Hoja inasimama. Mwanafunzi akiziona hizo mbili bega kwa bega, huelewa jambo ambalo maelezo ya saa nzima hayampi.

Neno moja kwa walimu wa upande wa Geita. Kwa wachimbaji wadogo, duara ni shimo la kuchimbia dhahabu, na mwenye duara ni mwenye shimo. Mwalimu akisema tuchore maduara yanayoingiliana, mtoto wa Rwamagasa aweza kufikiri juu ya mashimo mawili yaliyokutana chini ya ardhi, na juu ya ugomvi wa mawe yaliyopatikana hapo katikati. Kwa maoni yangu jambo hili lisikwepwe. Eneo ambalo ni la mashimo yote mawili kwa pamoja ndilo hasa tunalotaka alifahamu, naye amekwisha kulifahamu.

Vifaa havihitajiki. Maduara huchorwa kwa kijiti katika uwanja wa shule. Kivuli ni majivu au pumba za mpunga. Na kokwa ya pamba huwekwa kuwa alama ya mtu au kitu ambacho tumeambiwa kipo. Alama hiyo ya kuwapo haikuwa ya Venn katika makala yake ya kwanza. Aliyeitilia mkazo baadaye ni Mmarekani Charles Peirce. Kanuni yake ni nyepesi: kama kauli hazisemi kokwa ikae chumba kipi kati ya viwili, iwekwe juu ya mstari unaovigawa.

Sasa tuitumie kanuni hiyo kwa hoja iliyo nzito kuliko zote katika nchi hii ya Usukuma. Kwa miaka mingi, hasa tangu miaka ya 1970, wanawake wazee wameuawa katika vijiji vya Shinyanga, Mwanza na Geita kwa kushukiwa uchawi, na dalili iliyotajwa mara nyingi ni macho mekundu. Hoja ikinyooshwa inasema hivi: wachawi wote wana macho mekundu, bibi huyu ana macho mekundu, kwa hiyo bibi huyu ni mchawi. Chora duara la wachawi na duara la wenye macho mekundu, yameingiliana. Kauli ya kwanza inatia kivuli sehemu ya duara la wachawi iliyo nje ya macho mekundu. Kauli ya pili inatupa kokwa moja, na inatuamuru tuiweke ndani ya duara la macho mekundu. Lakini duara hilo lina vyumba viwili, na hakuna hata kimoja kilichofutwa. Kokwa inakaa juu ya mstari. Kauli zote mbili zikikubaliwa kama zilivyo, bado hazikumpeleka bibi yule upande wowote.

Naomba mwalimu azingatie kwamba hakulazimika kuanzisha mabishano kuhusu kuwapo kwa uchawi. Venn mwenyewe alishikilia kwamba kauli inayosema wote wa aina fulani wako hivi, hufuta chumba tu. Haidai kwamba katika chumba kilichobaki yumo mtu. Kauli kwamba wachawi wote wana macho mekundu haivunjiki hata duara zima la wachawi likiwa tupu. Kwa hiyo mtoto anayetoka katika nyumba inayoamini na mtoto anayetoka katika nyumba isiyoamini huweza kuketi kuzunguka mchoro mmoja, na wote wawili wakaona kokwa imekaa juu ya mstari. Hii ni faida kubwa ya kimaarifa na ya kiungwana. Nimeona mwalimu akikemea imani za wazazi mbele ya watoto, na watoto wakafunga masikio.

Baada ya hapo ndipo waulizwe chumba cha pili kina nani. Watajibu haraka: mna bibi anayepika kwa kuni mbichi katika nyumba isiyo na dirisha. Mna bibi anayepika kwa kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa, kwa kuwa miti ilifyekwa, mingine katika kampeni za wakoloni za kuangamiza mbung'o, na upandaji na uhifadhi wa mradi wa HASHI ulianza mwaka 1986 tu. Mna mgonjwa wa trakoma. Mna mtu aliyekesha msibani. Chumba hicho kimejaa watu, na hoja ya wauaji ilipita kana kwamba hakipo.

Tumekaa mbali na Cambridge, lakini maisha ya Venn baada ya 1881 husimuliwa upesi. Mwaka 1883 aliacha ukasisi, kwa kuwa mafundisho rasmi ya kanisa lake hayakupatana tena na fikra zake, ingawa aliendelea kuwa mtu wa dini. Mwaka huohuo alichaguliwa kuwa mwanachama wa Jumuiya ya Kifalme ya London, heshima kubwa ya sayansi nchini mwake. Mwaka 1888 alivitoa vitabu vyake vya mantiki, zaidi ya elfu moja, viende katika maktaba ya Chuo Kikuu, na mwaka uliofuata akatoa kitabu chake cha mwisho cha mantiki. Alikuwa pia na mikono ya fundi. Alitengeneza mashine ya kurusha mpira wa kriketi, na wachezaji wa Australia walipotembelea Cambridge mwaka 1909, mmoja wa mabingwa wao alishindwa nayo mara nne.

Maduara yenyewe aliyajua mipaka yake. Maduara manne ya kawaida, hata yapangwe vipi, hayatoi zaidi ya vyumba 14, hali vinahitajika 16. Kwa hiyo kwa aina nne alichora maumbo ya yai, na kwa tano akakiri kwamba mchoro unaanza kuwa mzito. Jina la mchoro wa Venn hakujipa. Alizoea kuyaita yote maduara ya Euler. Jina tunalolitumia lilichapishwa na Mmarekani Clarence Irving Lewis mwaka 1918. Shuleni kwetu liliingia kwa njia nyingine, pamoja na hisabati ya kisasa ya miaka ya 1960, iliyotokana na semina za Entebbe zilizoanza mwaka 1962, na huko ndiko maduara yalikofungamana na hesabu za seti yakatengana na mantiki.

Katika uzee wake Venn aligeukia historia. Aliandika historia ya watu wa chuo chake, kisha pamoja na mwanawe akaanza orodha ya watu wote waliowahi kusoma Cambridge tangu mwanzo hata mwaka 1900. Jalada la kwanza lilitoka mwaka 1922. Alifariki Cambridge tarehe 4 Aprili 1923, akazikwa Trumpington, na mwanawe akaendelea na kazi hata jalada la kumi na la mwisho likatoka mwaka 1954. Wamo humo maaskofu, mawaziri na washairi, na wamo maelfu ambao hakikupatikana chochote juu yao ila jina na mwaka. Hao nao wameandikwa.